Jasho la usiku: Huenda si malaria, mama

IKIWA wewe ni mama wa miaka 45 au zaidi, na usiku waamka umelowa jasho ilhali mumeo amejifunika blanketi mbili kwa baridi ya Julai, usikimbilie dukani kununua dawa za malaria. Nenda upimwe damu kwanza. Huenda ikawa ni dalili ya kukoma kwa hedhi, jambo ambalo si ugonjwa, lakini laweza kumnyima mtu raha kwa miaka kadha.

Wanawake wengi huifikia hatua hii wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Daktari huhesabu kuwa hedhi imekoma ukishapitisha miezi 12 mfululizo bila kuiona. Taabu zenyewe huanza mapema, ovari zinapopunguza homoni iitwayo estrojeni. Hedhi huruka miezi, usingizi hupotea, moyo hudunda kasi, na mtu aliyekuwa mpole hukasirishwa na jambo dogo. Nanyi mlio vyuoni, mama akiwafokea kwa simu siku hizi, si lazima awe amewachoka.

Kwa wengine, nguo za pamba, dirisha lililo wazi na kupunguza kahawa, pilipili na pombe hutosha. Lakini kumwambia mama ambaye hajalala wiki nzima avumilie kwa kuwa nyanya zake walivumilia ni ukatili. Tiba ipo.

Yenye nguvu zaidi ni ile ya kurudisha homoni mwilini. Huja kwa vidonge, plasta ya kubandika kwenye ngozi au jeli ya kupaka. Mwanamke ambaye angali na mji wa mimba hupewa estrojeni pamoja na homoni ya pili, projestojeni, kwani estrojeni peke yake yaweza kusababisha saratani katika ukuta wa ndani wa mji huo. Aliyetolewa mji wa mimba kwa kawaida hupewa estrojeni tu.

Bila shaka umewahi kusikia kwamba dawa hizi huleta saratani ya matiti. Hofu hiyo ilienea mwaka wa 2002, wakati utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliposimamisha sehemu yake iliyohusu vidonge vya homoni mbili. Ilibainika kuwa kati ya wanawake 10,000 wanaovimeza kwa mwaka mmoja, wagonjwa wa saratani ya matiti wangeongezeka kwa 8 hivi. Wanawake wengi duniani waliacha dawa. Lakini kuna jambo ambalo halikutangazwa kwa sauti hiyo: wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, na wengi walikuwa wamekoma hedhi kitambo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, aghalabu faida huzidi madhara. Tena plasta na jeli hazionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge.

Hata hivyo, usiazime dawa ya jirani. Ikiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mguuni au mapafuni, au una ugonjwa wa ini, mweleze daktari kabla hajaandika lolote. Kuna dawa zisizo na homoni. Baadhi ya dawa za kutibu mfadhaiko, kama venlafaksini, hupunguza joto hilo la ghafla. Mnamo Mei 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetanti, inayofanya kazi katika sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili, ingawa anayeitumia hana budi kupimwa ini mara kwa mara.

Lipo pia lile ambalo akina mama hawalitaji hata kwa daktari: ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Bwana, usidhani umechukiwa. Krimu yenye estrojeni kidogo, inayotiwa pale pale, husaidia sana, na ni kiasi kidogo mno kinachoingia katika damu.

Usisahau mifupa, kwani estrojeni ikipungua huwa rahisi kuvunjika. Maziwa, omena wanaoliwa wazima na terere vina madini ya kalisi. Shuka kituo kimoja kabla ya chako utembee, na uiache lifti. Kuhusu unga wa mizizi unaouzwa kando ya barabara kwa madai ya kutibu kila kitu, muuzaji mwenyewe hajui kipimo chake wala utakavyopigana na dawa zako za presha.

Na kabla hujagawa nguo za watoto wachanga, kumbuka waweza bado kushika mimba hedhi inaporukaruka. Walio chini ya miaka 50 hushauriwa kuendelea kupanga uzazi kwa miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na waliozidi hapo mwaka mmoja. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa ukimya, hata tone, hiyo si hedhi. Mwone daktari wiki hiyo hiyo.