Spika ikinguruma, usikate waya wa ethi

Mdogo wangu wa kidato cha tano alinunua Kariakoo vipande vya kuunganisha amplifaya, akatumia likizo yake kulehemu. Alipoiwasha, muziki ulitoka vizuri, lakini chini yake kulikuwa na mngurumo usiokatika. Mama alivumilia siku tatu. Ya nne akasema, “Baba, huo mngurumo utoke, ama utoke nao.”

Jioni nilimkuta ameshika koleo. Fundi mmoja alimshauri akate waya wa ethi kwenye plagi. “Dada, nimejaribu kuutoa, inanyamaza kabisa,” aliniambia.

Ni kweli, hunyamaza, na ndiyo sababu ushauri huu hupendwa. Amplifaya ilikuwa imeunganishwa na kompyuta ya mezani, na kila kimoja kina ethi yake. Waya wa muziki ulipoviunganisha, ukatokea mzunguko ambamo umeme mdogo hupita na kusikika kwenye spika. Ukikata ethi, mzunguko unakatika, lakini kinga nayo imeondoka. Siku waya wenye moto ukigusa boksi la chuma, fyuzi inaweza isikatike, na umeme wa volti 230 utamsubiri atakayeshika boksi hilo. Mtoto, kwa mfano.

Badala ya koleo, anza kwa kupunguza sauti hadi sifuri. Mngurumo ukibaki vilevile, tatizo liko ndani: huenda kapasita kubwa za kuchuja umeme zimechoka, au waya za ethi zimefungwa ovyo badala ya kukutana sehemu moja. Ukipotea, unaingia kwa njia ya waya wa muziki. Tumia waya wenye wavu wa kukinga, uwe mfupi, usiulaze kando ya transfoma. Kama muziki unatoka kwenye simu, jaribu bila chaja. Kama ni kompyuta, chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Ikishindikana, mwombe fundi kitransfoma cha kutenganisha waya za sauti.

Kabla ya kufungua boksi, chomoa plagi. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo subiri dakika kadhaa, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Kijana asifanye kazi hii akiwa peke yake nyumbani, wala akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Isipowezekana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kama hazinduki wala hapumui, bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuunguza ndani huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu.

Kwetu, ekstensheni moja iliondoa sehemu kubwa ya mngurumo. Uliobaki ulikwisha waya wa muziki uliposogezwa mbali na transfoma. Waya wa ethi bado uko kwenye plagi, na Jumapili mama ndiye anayechagua nyimbo.