Mchezaji Bora Apimweje?

Watu wakitaka kumchagua mchezaji bora wa msimu katika mpira wa kikapu, aghalabu huuliza neno moja tu: nani kafunga pointi nyingi? Swali hilo halitoshi. Hapa Nzuguni twajua ya kuwa kijana anayeamia ndege shambani havuni hata suke moja, lakini bila yeye ghala lingekuwa tupu.

Mtazameni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa meta 2.21. Msimu wa 2008–2009 alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani. Kwa wastani alifunga pointi 13.6 kila mchezo, wala si nyingi mno. Bali alizuia mitupo zaidi ya 4. Na waliomwogopa wasitupe kabisa, nani atawahesabu?

Lakini DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliye mfupi kwake, alimzidi kwa pointi na kwa kudaka mipira iliyokosa kikapu. Tena timu yake iliishinda Connecticut mara mbili. Je, wewe ungempa nani? Mwaka 2009 walimu wa timu za ligi ya Big East waliwapa tuzo wote wawili.

Basi, mnapowachagulia vijana wenu mchezaji bora, pimeni mambo matatu: aliyoyafunga, aliyoyazuia, na faida iliyopata timu. Pimeni msimu mzima, si mchezo mmoja. Mwenye kuamia naye apewe haki yake.