Mfereji wa Rahisi Unaotutia Hasara

Kila anayejenga au kukarabati nyumba hapa Pwani hufika siku ya kusimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, akawekewa mbele yake mifereji miwili inayong'aa sawasawa. Mmoja bei yake ni mara nne ya mwenzake. Pesa zimeshakwisha kwenye simiti na vigae, fundi anasubiri, na bafu ndiyo kazi ya mwisho. Wengi wetu hapo huchukua wa rahisi.

Mimi sisemi kila cha rahisi ni kibaya, wala kila cha ghali kinadumu. Muhimu ni kujua pesa zako uziweke wapi.

Tuanze na maji yetu. Maji matamu ya Mzima na Baricho hayafiki kila mtaa kila siku, kwa hivyo nyumba nyingi za Mombasa hutegemea visima. Visima hivi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na vingi viko karibu na bahari. Maji yake yana chumvi na yana chokaa. Chumvi hula chuma, chokaa huganda na kuziba matundu. Juu ya hayo kuna upepo wa bahari, ambao hauachi hata bawaba ya mlango. Kifaa kinachowafaa watu wa bara si lazima kitufae sisi.

Sasa tazama huo mng'aro. Aghlabu ni ngozi nyembamba ya kromu tu. Chini yake huenda kukawa na shaba ya manjano, zinki, chuma au hata plastiki. Uinue mfereji kwa mkono: wa shaba ni mzito kuliko wa plastiki au ule wenye kuta nyembamba. Chungulia ndani, penye nyuzi za kufungia, ambapo kromu haikufika vizuri. Ukiona rangi ya manjano, hiyo ni shaba. Ukiona kijivu, yaelekea ni zinki, nayo haivumilii maji ya chumvi. Sumaku itakusaidia kukamata chuma, lakini haitakutenganishia shaba na zinki, kwani zote mbili hazishikwi na sumaku. Kwa vifaa vya stenlesi uliza namba: 304 ni nzuri, 316 hustahimili chumvi zaidi, na 201 ni ya bei ya chini na hushika kutu mapema.

Halafu fanya hesabu. Tuseme mfereji wa rahisi ni shilingi 400 na hufa kila mwaka, na fundi akija hutaka 500. Kwa miaka minne umetoa 3,600. Ule wa 1,600, ukiongeza ufundi wa mara moja, ni 2,100, na bado unafanya kazi. Hapo sijahesabu maji yanayovuja. Mfereji unaojaza mtungi wa lita 20 kwa siku humwaga mitungi 30 kwa mwezi, na anayenunua maji ya mkokoteni anajua bei yake.

Kwa hivyo pesa ziende kwanza kwenye kile kilichofichwa ndani ya ukuta: mabomba, viungo na valvu. Kikiharibika, utavunja vigae ndipo ukifikie. Pili ni mifereji inayofunguliwa mara nyingi kwa siku. Uliza kama ubao wa ndani au katriji yake inauzwa peke yake, maana mfereji usio na vipuri ni wa kutupa. Tatu ni mpira wa kuchambia. Ule dhaifu ukiachwa na maji yamefungiwa ndani huweza kupasuka usiku na kufurisha nyumba, basi funga valvu yake ukutani kila ukimaliza.

Pa kubana matumizi ni kichwa cha shawa, kiti cha choo, kishikio cha taulo na kisahani cha sabuni. Hivi hubadilishwa bila kubomoa. Kichwa cha plastiki hakishiki kutu, na kikiziba kwa chokaa, kiloweke kwenye siki usiku mmoja.

Kimoja tu hakina mjadala wa bei: shawa ya umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepisi kuliko maji matamu. Kama unatumia kisima, nunua ile iliyotengenezewa maji ya chumvi, na fundi wa umeme aiunganishe na waya wa ardhini. Hapa tunazungumzia roho ya mtu.

Nimalizie na wanaonunua vifaa vya kutumiwa na wengine. Mwenye nyumba akiweka mfereji wa rahisi, anayelipia maji yaliyomwagika ni mpangaji. Na wafadhili wetu wanaokarabati sehemu za kutawadha misikitini wakumbuke kuwa mfereji wa hapo hufunguliwa na mamia ya mikono, mara tano kwa siku. Kama pesa hazitoshi kwa mifereji 20 mizuri, afadhali kumi imara kuliko ishirini itakayovuja kabla ya Ramadhani ijayo. Sadaka inayotarajiwa iendelee haifai kununuliwa kwa kutazama mng'aro.