Kompyuta nzito? Usikimbilie kulaumu prosesa

Ukitoka Maore kwenda mjini Same kununua kompyuta iliyotumika, muuzaji atakusifia prosesa kwanza. Sawa, lakini muulize na mengine.

Prosesa ndiyo inayopiga hesabu. Namba zenyewe zinakaa kwenye memori, ile mafundi wanayoiita ramu. Zote zimekaa kwenye ubao mama, yaani mazabodi, na kati yao zimepita njia nyembamba za shaba. Kundi hilo la njia linaitwa basi, jina lile lile la gari la abiria, lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya “kwa wote”.

Tuseme unataka kujua kilo 80 za mpunga kwa shilingi 1,000 ni kiasi gani. Prosesa inatuma anuani ya mahali 80 ilipo, kupitia njia za anuani. Kwenye njia za amri inasema: soma. Memori inaweka 80 kwenye njia za data. Safari inarudiwa kuchukua 1,000. Ndipo prosesa inazidisha na kupeleka 80,000 kwa amri ya kuandika. Kazi yote inafuata mapigo ya saa ya ndani. Gigahezi 2 ni mapigo bilioni 2 kwa sekunde.

Kwa mkulima wa Upareni hili si geni. Maji ya ndiva yanapita kwenye mfereji kwa zamu. Kwenye basi pia, vifaa viwili vikisema kwa pamoja, data inavurugika. Na mfereji ukiwa mwembamba, shamba kubwa linasubiri. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa hivyo: prosesa yake, Intel 8088, ilishughulikia biti 16 ndani, lakini njia zake za data za nje zilikuwa 8 tu. Namba ya biti 16 ililetwa kwa safari mbili.

Siku hizi memori ina njia yake na diski ina yake. Prosesa nayo ina akiba ndogo ndani, kashe, kama ndiva iliyojazwa usiku ili asubuhi maji yawe karibu. Bado mara nyingi inasubiri. Ramu ikijaa, kompyuta inaanza kutumia diski badala yake, na hapo ndipo inaonekana kuganda. Kabla ya kununua kompyuta nyingine, uliza bei ya kuongeza ramu, au ya kuweka SSD badala ya diski inayozunguka. Nenda na ramu yako ya zamani mkononi, maana DDR3 haiingii mahali pa DDR4.

Kwenye simu ni habari nyingine. Ramu imechomelewa karibu na prosesa, au juu yake kabisa, na hakuna nafasi ya kuongeza. Ile “ramu ya ziada” inayotangazwa madukani ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyoazimwa tu, na mwendo wake ni wa polepole zaidi. Unaponunua, hesabu ramu halisi.