Pikapu ya kikundi kwenye mlima wa Ngomo: tuongeze nguvu ya moteri ao hapana?



Kila mama anayepandisha mizigo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu anajua Ngomo. Huko chini, kwenye bonde la Ruzizi, ni joto na gari inakimbia vizuri. Kisha barabara inaanza kuuzunguka mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine shimo refu, na watu wote ndani ya gari wananyamaza.

Mwezi wa tatu, pikapu ya kikundi chetu ilisimama mara mbili kwenye mlima ule. Tulikuwa tumepakia magunia 16 ya mchele, kila gunia kilo 100, na wamama wanne juu yake. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Moshi mweusi ulitufunika, maji ya radiateri yakachemka, na shofa akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya mpira. Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Mama mwenye mtoto akasema: "Siku moja jiwe hili litateleza."

Jumapili iliyofuata tulikutana. Shofa wetu, baba mwenye heshima na mwenye kazi nzuri, akaleta shauri lake: tununue turbo. Fundi mmoja alikuwa amemwambia bei ni dola 1800, pamoja na kazi ya kuifunga. Ndani ya sanduku tulikuwa na dola 2150, akiba ya miezi 14. Ilikuwa pesa ya kugawana mwezi wa tisa, wakati wa kufungua masomo. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa, na wengi wetu tuna watoto wawili ao watatu huko.

Basi swali lilikuwa zito: tutie pesa ya watoto ndani ya moteri, ao tuache gari iendelee kutuhatarisha? Kwa kuwa mimi ni mwalimu na ninashika kaye ya kikundi, mama prezidante alinituma nichunguze kwa majuma mawili kabla ya kura. Haya ndiyo niliyopata. Nayaandika kwa sababu vikundi vingine vina gari ao vinataka kununua.

Namna moteri ya mazuti inavyofanya kazi

Nilianza kwa mwenzangu anayefundisha ufundi wa magari. Aliniambia: "Mwalimu, fikiria mbabula. Ukiongeza makala bila kupepea, unapata moshi, hupati moto."

Moteri hii ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, na ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilionekana mwaka 1897. Haina bujia za kuwasha moto kama gari ya esansi. Inavuta hewa na kuigandamiza kwa nguvu sana mpaka inapita joto la digrii 500. Hapo injekteri inapuliza mazuti, na mazuti yanawaka yenyewe. Kwa hiyo nguvu inatoka kwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja: hewa na mazuti. Ukiongeza kimoja peke yake, umeharibu.

Gari yetu ni Toyota Hilux ya zamani, moteri ya 3L, lita 2,8, bila turbo. Ikiwa mpya ilikuwa na nguvu ya farasi karibu 90. Lakini hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1500 juu, na huku kwetu hewa ni nyepesi. Mafundi wanahesabu kwamba moteri isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo hapa kwetu farasi 13 hivi wamekwisha kupotea hata kabla hatujapakia gunia la kwanza. Si kosa la gari, ni mlima.

Njia tatu za kuongeza nguvu

Njia ya kwanza ni ya bei ndogo: fundi anazungusha vis ya pompi ili mazuti mengi yaingie. Sisi tulikwisha kuifanya mwaka uliopita kwa dola 30. Majuma mawili tulifurahi, gari ilivuta. Kisha ukaja moshi mweusi na joto, na mazuti ya safari moja yakapanda mpaka lita 22. Sasa ninajua sababu: tuliongeza makala bila kupepea. Mazuti yasiyopata hewa yanatoka yakiwa moshi, na joto linalobaki ndani linaweza kuyeyusha pistoni ao kupasua kilemba cha moteri. Tena moshi ule si uchafu wa nguo tu. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa mazuti kati ya vitu vinavyoleta kansa. Na nani anakaa nyuma ya gari, juu ya magunia? Ni sisi na watoto wetu.

Njia ya pili ni turbo. Mswisi Alfred Büchi aliiandikishia haki mwaka 1905. Ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka, nalo linasukuma hewa zaidi ndani ya moteri. Hiyo ndiyo kupepea mbabula kwenyewe, na kwa watu wa milimani ni dawa nzuri sana. Lakini kuna mambo ambayo fundi wa dola 1800 hakuyasema. Gurudumu lile linazunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika moja, na linaishi kwa mafuta safi ya moteri. Lazima mafuta yabadilishwe mapema zaidi, na shofa aache moteri ipumue dakika moja ao mbili kabla ya kuzima. Tena, kiwanda kikitengeneza moteri ya turbo kinatayarisha pistoni, joint na njia za kupooza kwa ajili ya nguvu ile. Moteri yetu haikutayarishwa hivyo, na imezeeka. Mwenzangu aliuliza: "Mzee wa miaka 70 ukimbebesha mzigo wa kijana, magoti yatasema nini?"

Njia ya tatu ni kubadilisha moteri nzima, kuweka ile iliyotoka kiwandani na turbo. Ni njia safi kuliko ya pili, lakini bei yake ilipita sanduku letu. Wapo pia wanaosema gari "inaongezewa programu" kwa ordinatera. Hiyo ni kwa moteri za kisasa zinazoendeshwa na umeme. Pompi yetu ni ya chuma tu, haina programu ya kubadilisha.

Mpira wa akiba ulitufundisha

Nilikwenda garaji nyingine na swali tofauti. Sikuuliza "tuongeze nini?" Niliuliza "tumepoteza nini?"

Fundi wa pale, mzee mpole, alitoa filtre ya hewa kwanza. Ilikuwa imejaa vumbi, rangi ya matofali. Injekteri mbili zilikuwa zinadondosha mazuti badala ya kuyapuliza. Radiateri iliziba matope. Mambo hayo nilikuwa nayategemea. Jambo ambalo sikutegemea lilitoka kwa mmoja wetu, mama mshonaji aliyenisindikiza. Aliutazama mpira wa akiba uliokuwa chini ya gari, akasema: "Mbona huyu ni mtoto na wale ni watu wazima?"

Tukatoa metre yake ya kushonea. Mpira wa akiba, ule wa kiwanda, ulikuwa sentimetre 74 kwa urefu. Ile minne iliyofungwa ilikuwa 81. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga mipira mikubwa ili gari ionekane ndefu. Fundi akaeleza kwamba mpira mkubwa ni sawa na kupanda mlima kwa baiskeli ukiwa kwenye vitesi ya mbio. Fanyeni hesabu pamoja nami: 74 gawanya kwa 81 ni karibu 0,91. Yaani kwenye kila kilima tulikuwa tunapoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu ya kuvuta, kila siku, na tulikuwa tunataka kuinunua tena kwa dola 1800.

Swali la mama mwenye mtoto

Siku ya kura nilisoma kaye mbele ya wote. Shofa hakufurahi. Alisema, na ni kweli, kwamba yeye ndiye anayeamka saa kumi za usiku, yeye ndiye watu wanamcheka gari ikisimama. Wamama wengine walimuunga mkono. "Tukiwa na turbo tutapakia magunia 20," mmoja akasema.

Hapo mama mwenye mtoto akasimama. "Ninyi wote mnauliza namna ya kupanda. Nani ameuliza namna ya kushuka?"

Nyumba ikanyamaza. Kumbe tangu tununue gari hatujawahi kufungua freni za nyuma. Na sisi tunashuka Ngomo mara nyingi kama tunavyoipanda. Turbo haitengenezi freni. Gari yenye nguvu zaidi inapakia zaidi, inakwenda mbio zaidi, na inasimamishwa na freni zilezile. Kura ilikuwa 14 kwa 9: turbo tusinunue, kwanza tuponye gari.

Haya ndiyo tuliyolipa:

Mipira minne ya okazio, kipimo cha kiwanda: dola 240.
Kusafisha na kupima injekteri, pamoja na kurudisha vis ya pompi mahali pake: dola 80.
Filtre ya hewa: dola 15.
Kusafisha radiateri: dola 30.
Kurekebisha supapa: dola 40.
Freni, mbele na nyuma: dola 110.

Jumla ni dola 515. Mipira mikubwa tuliiuza dola 200. Basi kutoka sandukuni zilitoka 315, zikabaki 1835. Kwa habari ya freni, fundi alituita tuje kuona kwa macho yetu: nyuma kulikuwa kumebaki chuma kinakwaruza chuma.

Amri ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote: mwisho magunia 10. Fundi alituonyesha kwamba gari ya namna hii imetengenezwa kwa mzigo wa karibu tani moja, nasi tulikuwa tunapita sana. Na hakuna mtu kukaa juu ya magunia.

Hesabu ya miezi mitatu

Sitawadanganya. Nguvu ya gari haikuwa kama ya gari mpya. Kwenye kona kali za Ngomo shofa bado anarudi vitesi ya kwanza. Lakini gari haijasimama hata mara moja, na maji hayajachemka.

Zamani tulifanya safari mbili kwa juma, na karibu kila mwezi juma moja gari ilikuwa garaji. Kwa majuma manne hiyo ilikuwa safari 6, magunia 96. Sasa ni safari tatu kwa juma, bila kulala garaji: safari 12, magunia 120. Mazuti ni lita 15 kwa safari, si 22 tena. Lakini angalieni vizuri: safari zimeongezeka, kwa hiyo mazuti ya mwezi yamepanda kutoka lita 132 mpaka 180. Gunia moja linakula lita moja na nusu, kidogo zaidi kuliko zamani. Magunia 24 ya ziada, kwa dola 5 kila moja, yanaleta dola 120. Ukiondoa mazuti ya ziada na posho ya shofa, kinabaki kidogo. Faida kubwa ni pesa ambayo hatuipeleki tena garaji, na mwezi wa tisa kila mama alipata fungu lake.

Kwa vikundi vingine

Sisemi turbo ni mbaya. Kama kikundi kinanunua gari kwa ajili ya milima yetu, na pesa ipo, watafute iliyotoka kiwandani na turbo yake. Lakini kabla ya kuongeza nguvu kwenye gari mliyo nayo, ulizeni haya, na majibu yaandikwe kwenye kaye:

Filtre ya hewa ilibadilishwa lini?
Mipira iliyofungwa ni sawa na kipimo cha kiwanda?
Moshi ni mweusi? Kuna mtu aliyegusa pompi?
Tunapakia kilo ngapi kweli, na kibati cha gari kinaruhusu ngapi?
Freni zilifunguliwa lini, na ni nani aliyeziona kwa macho?
Fundi anayeuza nguvu, ametuambia pia kitakachochoka kwa sababu ya nguvu hiyo?

Jambo moja zaidi, wamama. Mara nyingi tunanyamaza gari ikizungumziwa, tunasema ni mambo ya wanaume. Gari ni yetu, pesa ni yetu, na aliyeona mpira mdogo ni mshonaji mwenye metre ya nguo. Shofa wetu sasa ananiletea mwenyewe hesabu ya mazuti kila jioni, na juzi ameniomba kaye yake ya pekee.

Kuhusu turbo, bado anaitaka. Tumekubaliana kufungua tena shauri hilo mwaka kesho, tukiwa na hesabu ya miezi 12 mezani.