Msimbo Ukiwa Wazi, Je, Pesa Zako Ziko Salama?

Huenda umesikia kwamba kampuni kubwa ya teknolojia imeweka programu yake hadharani, yeyote aichukue bure. Wateja wetu wengi wakisikia hivyo huingiwa na wasiwasi: kama kila mtu anaweza kuona programu ilivyoundwa, si wezi nao wataona? Na pesa zangu kwenye simu je? Ni swali la maana sana, kwa hivyo hebu tulijibu pole pole.

Programu huria ni nini?

Kila programu ina maandishi yanayoiambia simu au kompyuta ifanye nini. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao. Programu ikiwa huria, msimbo huwekwa wazi pamoja na leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza.

Maabara za utafiti za kampuni kubwa zimefanya hivi mara nyingi. Novemba 2015, Google ilitoa TensorFlow, kazi ya watafiti wake wa Google Brain, inayotumika kufundisha kompyuta kutambua picha, sauti na maandishi. Leseni yake inaruhusu hata mfanyabiashara kuitumia bila kulipa. Mwanzoni mwa 2017, watafiti wa Facebook nao wakatoa PyTorch, ya kazi kama hiyo. Mwaka 2022 usimamizi wa PyTorch ulihamishiwa Linux Foundation, ili isibaki mikononi mwa kampuni moja.

Mfano mwingine unatugusa hapa nyumbani. Julai 2022, watafiti wa Meta walitoa NLLB-200, mfumo wa kutafsiri lugha 200, zikiwemo Kiswahili, Kikuyu, Kikamba na Dholuo. Lakini hapa kuna jambo la kuangalia: modeli yenyewe ilitolewa kwa leseni isiyoruhusu matumizi ya kibiashara. Kwa hivyo kitu kuwa cha bure hakumaanishi unaweza kukifanyia lolote. Leseni ndiyo inayosema.

Kwa nini watoe bure?

Si sadaka tu. Programu ikitumiwa na wengi, makosa yake huonekana haraka na watu wa nje husaidia kuyarekebisha. Wanafunzi wakiizoea chuoni, kampuni huajiri watu ambao tayari wanaijua kazi. Faida inarudi kwa njia nyingine.

Kufuli na ufunguo

Sasa turudi kwa pesa zako. Fikiria kufuli unalonunua kwa duka la vifaa vya ujenzi. Mwizi naye anaweza kununua kama hilo, alifungue vipande vipande, aone linavyofanya kazi. Mlango wako bado umefungwa, kwa sababu ufunguo unao wewe.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri unapaswa kubaki salama hata ukianguka mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujulikani. Njia zinazolinda mawasiliano ya intaneti leo hufuata wazo hilo: jinsi zinavyofanya kazi inajulikana na wote, funguo ndizo za siri. Kwako wewe mteja, ufunguo huo ni PIN yako.

Macho mengi pia hukosa kuona

Hata hivyo, msimbo kuwa wazi si hakikisho kwamba hauna kasoro. Aprili 2014 dunia ilijulishwa kuhusu kasoro iliyoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda tovuti nyingi sana. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo kwa takriban miaka 2, wazi mbele ya kila mtu. OpenSSL ilitumiwa na kampuni kubwa kubwa, lakini waliokuwa wakiitunza walikuwa wachache mno. Kasoro ilipojulikana, marekebisho yalitolewa mara moja, ila yalimfaa tu yule aliyeyaweka kwenye mitambo yake.

Ndiyo maana tunakukumbusha kila mara usasishe programu za simu yako. Kasoro ikishatangazwa, wezi pia wanaisoma. Anayechelewa kusasisha ndiye anayebaki na mlango wazi.

Ufanye nini basi?

• Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu. Hakuna sasisho la programu linalohitaji umtajie mtu PIN.

• Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, na uangalie jina la aliyeitengeneza. Kiungo ulichotumiwa kwa SMS au WhatsApp kiache.

• Mtu akikwambia programu fulani ya pesa ni salama "kwa sababu ni huria", muulize nani anaitunza na ilisasishwa lini mara ya mwisho.

• Washa usasishaji wa moja kwa moja. Kama bando ni kidogo, subiri ukiwa na Wi-Fi unayoiamini, lakini usiahirishe wiki nzima.

• Ukishuku kwamba mtu amejua PIN yako, ibadilishe papo hapo, kisha utupigie.