Je, Ufundi ni Kazi ya Mjinga?

Mtu atokaye Uvira kwenda Bukavu kwa barabara ya bonde la Ruzizi hupita Kiliba na Sange, kisha Luberizi, ndipo afike Bwegera. Joto ni kali, vumbi ni jingi, na kando ya barabara yamepangwa magunia ya mpunga na mihogo mikavu. Hapo ndipo tulipokutana mwaka 2023 na baba mmoja, mlimaji na mfuga ng'ombe, aliyekuwa na shauri zito moyoni. Mwanawe wa kwanza alikuwa amefaulu mtihani wa Serikali unaomaliza masomo ya sekondari. Mama yake alitaka aende chuo kikuu. Baba zake wakubwa walitaka vivyo hivyo. Kijana mwenyewe alisema, kwa sauti ya chini, ya kwamba apenda kujifunza ufundi wa umeme wa jua.

Basi ukoo mzima ulikasirika. "Tumemsomesha miaka yote hii," wakasema, "ili aje kupanda juu ya mapaa ya watu na koleo mkononi?"

Baba akatugeukia: "Ninyi watu wa gazeti, mwasemaje?"

Siku ile hatukuwa na jibu lililo tayari. Leo twajaribu kulitoa, maana swali lake ni la jamaa nyingi zisomazo ukurasa huu.

Kwanza ieleweke ya kwamba hatuulaumu ukuu wa elimu ya juu. Nchi yahitaji waganga, mahakimu na wahandisi. Mwenye akili ya masomo hayo, na mwenye wazazi wawezao kumlipia pasipo wadogo zake kulala na njaa, na aende, nasi tutafurahi. Lakini yatupasa kuhesabu. Zamani, katika vyuo vikuu vya Kongo, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya kwanza, kisha miaka 2 ndipo apate lisansi. Siku hizi masomo yamepangwa upya: lisansi ni miaka 3, na atakaye masta huongeza 2. Kila mwaka kuna ada, kodi ya chumba, chakula na karatasi. Ng'ombe wa kwanza hulipa mwaka wa kwanza. Na zizi la mtu wa Bwegera si kubwa kiasi hicho.

Na baadaye? Wako walimu na wauguzi wengi katika nchi yetu walio na vyeti halali na barua za kazi, lakini majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali. Watu huwaita "nouvelles unités". Wengine wamekuwa "wapya" hata mvi zimewaota. Hatusemi hayo kwa dhihaka. Twayasema kwa sababu wazazi huuza shamba wakidhani ya kuwa cheti na mshahara ni ndugu mapacha.

Sasa tuutazame ufundi ule uliodharauliwa. Maji ya Ruzizi yamezungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hata hivyo nyumba nyingi za bonde hazijafikiwa na waya. Watu hununua sokoni bamba la jua, betri na taa. Muuzaji huuza, hafundishi. Fundi wa kubahatisha huunganisha vyote, taa zawaka, watoto wapiga kelele za furaha, naye atia fedha yake mfukoni na kwenda zake. Baada ya miezi michache betri imekufa, na mwenye nyumba alaani jua.

Fundi aliyesoma huanza na kalamu. Bamba la wati 100 likipigwa na jua zuri kwa muda wa saa 5, kwa hesabu ya karatasi lingetoa wati-saa 500. Lakini bamba likishika joto nguvu yake hupungua, na bonde letu halina upungufu wa joto. Vumbi nalo hula sehemu yake, na nyaya vilevile. Kwa hiyo fundi mwenye busara hahesabu 500, huhesabu 350. Taa 4 za wati 5, zikiwaka saa 5, zatumia 100. Simu za jamaa na redio, tuseme 100 nyingine. Yabaki 150, akiba ya siku za mawingu. Akija mama mwenye duka na kutaka kuongeza friji ya soda, fundi wa kubahatisha atasema "ndiyo, Mama." Fundi wa kweli atamwambia: "Mama, friji hii peke yake yaweza kula zaidi ya wati-saa 600 kwa siku. Tuongeze mabamba, au tuiache."

Tena iko habari ya betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haipendi kukamuliwa yote. Atakaye idumu miaka hutumia nusu tu, kisha huiacha ijazwe tena. Na waya? Wati 100 kwa volti 220 huhitaji chini ya nusu ampea. Kwa volti 12 huhitaji zaidi ya ampea 8. Mwenye kufunga waya mwembamba kama uzi wa kushonea atauona umepata moto, na Mungu aepushe paa la nyasi.

Je, hii ni kazi ya mjinga? Hapo kuna hesabu, kuna elimu ya maumbile, kuna na ukweli wa kumwambia mteja asichopenda kusikia. Kijana aliyefaulu sekondari hajapoteza masomo yake akiifanya. Amepata mahali pa kuyatumia.

Tungeweza kusema vivyo hivyo juu ya mwashi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mito ilifurika Uvira, nyumba kwa maelfu zikabomoka, na watu wakafa. Waliojenga upya hawakutafuta mtu wa maneno; walitafuta ajuaye kuchimba msingi na kushika timazi. Juu ya mchomelea vyuma, na fundi wa pikipiki na mashine za kukoboa mpunga, hatuna haja ya kuongeza. Kila asubuhi mwaona wenyewe wateja wanaowangojea.

Faida yake je? Tusidanganyane. Fundi halipwi mwisho wa mwezi. Hulipwa kazi ikiisha, na mara nyingine hufuata deni lake hata miguu ikavimba. Iko miezi mizuri apatapo kuliko karani, na miezi ya mvua apatapo haba. Ndiyo maana mafundi wenye akili huingia likelemba na wenzao: zamu yao ikifika hununua chombo, si viatu. Jina jema nalo huja polepole. Anayetaka utajiri kwa mwaka mmoja asiguse koleo.

Lipo na jambo lingine linalotuudhi. Wazazi wengine humpeleka mtoto kwa fundi kama wapelekavyo mbuzi malishoni, pasipo mapatano. Tulimwona kijana aliyekaa karakana moja miaka 3, akifagia, akichota maji, akiosha vyuma kwa petroli, wala hakuwahi kufungua injini kwa mkono wake. Huyo hakufundishwa, alitumiwa. Baba, andika karatasi mbele ya mashahidi: mtoto atafundishwa nini, kwa muda gani, atalipwa nini akianza kuzalisha, na vyombo vitanunuliwa na nani. Fundi mwaminifu hatakataa. Kwa wale wapendao darasa, Serikali iliunda INPP tarehe 29 Juni 1964 kwa kazi hiyo hasa, na mafunzo yake mengi ni ya miezi, si ya miaka.

Na mabinti? Wengi hutaka uuguzi, nao ni wito mzuri. Kule Lemera, katika vilima vilivyo juu ya bonde, iko hospitali ya ndugu Waprotestanti ambako daktari Denis Mukwege alifanya kazi kabla haijashambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996. Daktari hafanyi kitu pasipo wauguzi na wakunga, na muuguzi wa A2 hupata cheti chake kwa miaka 4 baada ya sekondari ya chini. Lakini msichana aambiwe mapema habari ya ile orodha ya mishahara. Mshonaji mwenye cherehani yake na mkono mwepesi huenda akapata fedha kabla ya dada yake muuguzi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Yule baba wa Bwegera aliuza ng'ombe mmoja. Kijana alikwenda Bukavu, akajifunza kwa miezi, akarudi na mita ya umeme, bisibisi na mkoba. Baba mkubwa hakumsalimu kwa juma zima. Kisha Februari 2025 vita vikaingia Bukavu, na Desemba ya mwaka ule vikashuka bondeni mpaka Uvira. Makumi ya maelfu walikimbilia Burundi, na jamaa ile pamoja nao. Ng'ombe waliobaki walipotea. Mkoba wa vyombo uliibwa njiani. Mita ilikuwa mfukoni.

Habari iliyotufikia ni fupi. Kambini kijana aliazima bamba moja, akapata betri kuukuu ya gari, akaipima, akaitengeneza kadiri alivyoweza, sasa achaji simu za watu kwa faranga chache, nazo ndizo zinunuazo chumvi na sabuni ya nyumba nzima. Baba mkubwa yuko naye hapo. Kila asubuhi simu yake ndiyo ya kwanza kuunganishwa, wala halipi.